Nukta na Mistari Gotini

Mzee Ildefonsi alianza kupoteza macho mwaka aliostaafu kazi ya posta. Kufikia mwaka 2009 hata mchana aliutambua kwa joto la jua usoni tu. Hilo yeye na mkewe Esteri walilizoea. Alikuwa na redio yake, alikuwa na kanisa, na alikuwa na mdogo wake Venanti aliyekuja Kibondo kutoka Kakonko kila mwisho wa mwezi. Wawili hao walikaa barazani wakabishana kutwa nzima juu ya mambo ya zamani ambayo hakuna mwingine aliyeyakumbuka.

Kisha, mwanzoni mwa 2013, kifua kikuu kilimrudia. Daktari aliwaita mume na mke akawaeleza wazi kwamba dawa ya safari hii ina sindano, na sindano hizo zinaweza kuharibu masikio. Bila hizo mapafu hayaponi.

"Choma, daktari," Ildefonsi alisema. "Nitasikia mbinguni."

Mapafu yakapona. Mwezi wa tano sikio la kushoto likazima, na baada ya wiki mbili la kulia likafuata.

Alibaki na ulimi, na hilo ndilo lililomtesa Esteri kuliko yote. Mumewe aliweza kusema, tena kwa sauti kubwa kuliko zamani kwa kuwa hakujisikia, lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Aliuliza kama maharage yameota, kama padri amepona mguu, kama yule mbuzi amezaa. Wakabuni njia ya kubana mkono: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Binti yao Careen, mwalimu wa shule ya msingi huko Kakonko, alijaribu kumchorea herufi kiganjani. Lakini dawa zilikuwa zimemwachia ganzi ya vidole na viganja. Alisema anahisi kama siafu wanapita, ila hajui wanaelekea wapi. Basi ikabaki ndiyo na hapana. Esteri, aliyekuwa ameishi na mtu huyo miaka thelathini na sita, akajikuta ana maneno mawili tu ya kumpa kwa siku nzima.

Mwezi wa nane Venanti alianguka shambani kwake, na jioni ile ile akafariki.

Walimchukua Ildefonsi kwenda naye Kakonko kwenye mazishi. Dada yao mkubwa, Veronica, alikataza kabisa asigusishwe jeneza. "Bado ana mwili wa ugonjwa," alisema. "Mtazika wawili." Esteri alikubali. Wakamkalisha mzee miongoni mwa wanaume, na watu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Mikono mingi, mikubwa kwa midogo, na wengine walimkumbatia. Ildefonsi akaanza kutabasamu. Akainua uso akauliza kwa sauti yake kubwa:

"Venanti anaozesha binti yupi? Mbona hamkuniambia kuna harusi?"

Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza ghafla, kisha wakaanza upya kwa nguvu zaidi. Esteri akapiga magoti mbele ya mumewe, akambana mkono mara mbili. Hapana. Lakini hapana nini? Hakuweza kwenda mbele zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo, kila mwezi ulipofika ukingoni, Ildefonsi aliuliza, "Venanti amekuja?" Esteri alibana mara mbili. Haukuwa uongo. Mwezi wa kumi mzee akasema, "Amenichoka. Kaka asiyesikia ni mzigo." Akageuza uso upande wa ukuta.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilimkuta amekaa barazani kwenye kiti chake cha kamba. Bati la ukingoni lilikuwa limepata tundu, na tone moja likaanguka gotini kwake. Likafuata la pili. Esteri, aliyekuwa akipeta mtama mlangoni, alimwona mumewe akishtuka na kukaa wima kama mtu aliyeitwa jina.

"Nani huyo?" Ildefonsi alisema. Matone yakaanguka mawili ya haraka. "I," akasema. Yakaanguka matatu. "S. Endelea! Hapa Kibondo, nakupata! Nani huyo? Leonidasi?"

Mvua ikazidi, matone yakawa hayana mpangilio. Mzee aliinamisha kichwa, midomo ikimchezacheza, akijitahidi kuyafuata. "Rudia," alisema. "Unakwenda mbio, sikupati. Rudia, ndugu yangu." Kisha akanyoosha mkono, maji yakamwagikia kifundoni. Akacheka kidogo.

"Kumbe mvua," akasema. "Inajua nukta tu. Mstari haijui."

Esteri aliweka ungo chini. Katika miezi sita hakuwa ameona uso wa mumewe ukifunguka hivyo, na hakuwa ameuona ukijifunga vile.

Alizijua nukta na mistari ile kwa muda mrefu, na kwa muda mrefu alizichukia. Alikuwa ameingia nchini mwaka 1972 akitokea Burundi, msichana wa miaka kumi na sita, akiwa amepotezana na mama yake njiani. Miaka mitatu baadaye alikwenda posta ya Kibondo kupeleka telegramu kwenye parokia ya kwao, kuuliza kama kuna mtu amemwona mama. Karani kijana alimwandikia maneno, kisha akayagonga kwenye kifaa cha shaba kwa alama za Morse, yakaenda kwa waya hadi Kasulu, na kutoka Kasulu yakaendelea mbele. Jibu halikuja. Esteri alirudi kila wiki kuuliza, na kila wiki alikuta kifaa kile kikilia ti-ti-taa, kikileta habari za watu wengine. Karani huyo ndiye Ildefonsi. Walipooana alitaka kumfundisha herufi zake, akamgongea mezani jina lake, E-S-T-E-R-I, akicheka. Esteri alimwambia aache. Sauti ile kwake ilikuwa sauti ya mama asiyejibu. Ildefonsi hakurudia tena, na baadaye simu za mdomo zikaingia, kifaa cha shaba kikafungiwa stoo.

Sasa alitamani angekubali siku ile.

Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, Careen alikuja kukaa na baba yake. Esteri akafunga mfuko wa safari. Leonidasi, karani wa upande wa pili wa waya, alikuwa bado hai huko Kasulu, akitengeneza redio nyumbani kwake. Shida ilikuwa kumuaga Ildefonsi. Alimwekea mfuko mapajani ili aelewe kuna safari.

"Unakwenda?" mzee akauliza. "Ni kwa sababu unaumwa?"

Mara mbili.

"Unakwenda kwa Venanti?"

Mara mbili.

"Utarudi?"

Esteri alibana mara moja, akashikilia, hakuachia mpaka Careen alipomgusa bega.

Leonidasi alikuwa mwembamba, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akavuta benchi kibarazani, akamwambia aweke mkono juu ya ubao.

"Shemeji, sahau kuandika," alisema. "Hii husomi, unasikia. Gusa na uache: hiyo ni ti. Gusa ushikilie: hiyo ni taa, na urefu wake ni ti tatu. Vitu ni hivyo viwili tu. A ni ti-taa. E ni ti peke yake. I ni ti-ti. O ni taa-taa-taa. U ni ti-ti-taa. Ukishika hizo tano umeshika nusu ya Kiswahili, maana hatuna neno linalokwisha bila mojawapo."

"Mbona E imepewa alama moja, na A mbili?"

Leonidasi akafurahi, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi anayeuliza. "Waliozitunga walihesabu herufi za lugha yao. Ile wanayoitumia sana wakaipa alama fupi, ili mkono usichoke. Kwao ni E. Angezitunga Muha wa huku kwetu, nukta moja ingekuwa A, nasi tungefanya kazi kidogo zaidi."

Siku ya kwanza ilikwisha kwa vokali. Siku ya pili aliongeza N, M, S, T, R, K na L. Alizigonga kwenye benchi, kwenye sufuria alipomsaidia mke wa Leonidasi kupika ugali, kwenye paja lake akiwa kanisani. Kosa lake kubwa lilikuwa la nafasi. Alizipanga ti na taa vizuri, kisha akaziunganisha zote kama shanga.

"Nyamaza kati ya herufi," Leonidasi alimwambia. "Kimya cha ti tatu. Kati ya maneno, saba. A ukiipasua katikati inakuwa E na T. E tatu ukizibana zinakuwa S. Kimya nacho unakituma, shemeji. Mwenzako anakipokea kama anavyopokea mlio."

"Kimya nakijua," Esteri alisema. "Nina miezi saba ndani yake."

Siku ya tatu, baada ya kumfundisha B, C, D, G, H, V na W, alimwambia agonge majina ya watu wa nyumbani, kwa kuwa majina hayasahauliki. Esteri akagonga Careen. Akagonga Veronica. Akagonga Venanti, pole pole, V ikiwa ti-ti-ti-taa.

"Huyo hajambo?" Leonidasi aliuliza. "Alikuwa akija posta kumsubiri kaka yake watoke pamoja."

"Alifariki mwezi wa nane."

Leonidasi alivua miwani. "Ildefonsi anajua?"

"Hajui. Anadhani amemsusa."

Leonidasi akaangalia redio zilizofunguliwa matumbo mezani kwake. "Basi hicho ndicho ulichokuja kujifunza," akasema.

Njia nzima kutoka Kibondo Esteri alikuwa akiwaza maneno mengine. Alifikiri ataanza na habari ndogo, kwamba mbuzi amezaa mapacha, kwamba bado anamwekea chumvi kidogo kwenye maharage kama anavyopenda. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa matamu. Usiku huo alilala akijua kwamba hayo matamu hayatakuwa ya kwanza.

Siku ya nne asubuhi Careen alipiga simu.

"Mama, rudi. Tangu jana baba hali chakula. Namshika mkono, anausukuma. Anasema huu si mkono wa mama yako. Anasema, 'Kama amekufa nibane mara moja.' Nimebana mara mbili, haamini."

Zilikuwa zimebaki herufi saba. Leonidasi aliziandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la redio, F, J, P, Q, X, Y, Z, kila moja na nukta na mistari yake. "Q na X hutazihitaji," alisema. Alimsindikiza hadi stendi. Kabla hajapanda, alimshika kifundo cha mkono akamgongea kitu. Esteri akasoma herufi kwa herufi: SALIMU. Ulikuwa ujumbe wa kwanza aliowahi kupokea maishani mwake.

Alifika Kibondo saa tisa alasiri. Ildefonsi alikuwa barazani, amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali, na uji uliopoa ulikuwa kwenye stuli pembeni. Esteri hakumshika mkono. Alikaa chini mbele yake, akaweka kidole cha shahada juu ya goti la mumewe.

Taa-ti. Ti-ti.

Mzee akainamisha kichwa.

Esteri akanyamaza ti saba. Taa-taa. Ti-ti. Taa-taa. Ti-ti.

"N," Ildefonsi alisema. "I. Ni. M, I. M, I." Midomo ikabaki wazi. "Ni mimi. Ni mimi nani? Rudia."

Akagonga jina lake. Alipofika T, ule mstari mmoja, mzee alikuwa ameshaanza kulia bila sauti, na Careen mlangoni amejifunika uso kwa khanga.

"Esteri," alisema. "Esteri, mama yangu. Nani amekufundisha? Ulikuwa wapi?"

KASULU, akagonga. LEONIDASI. Kisha, SALIMU.

Ildefonsi alicheka na machozi yake, akapiga paja. "Yule mwizi wa sukari! Bado yu hai?" Aliuliza hili, akauliza lile, maswali matano kwa mpigo, na Esteri alijibu kwa maneno mafupi mafupi, akikosea, akirudia. Mzee alikunywa uji wote uliopoa. Ilikuwa kama saa nzima, na Esteri alianza kutumaini kwamba siku hiyo itapita hivyo hivyo.

Kisha mzee akafuta mdomo. "Sasa niambie," alisema. "Venanti nimemkosea nini?"

Esteri alimgeukia binti yake. Careen alitikisa kichwa. "Si leo, mama. Mwache alale na furaha siku moja."

"Nikimwacha leo, kesho nitakuwa namdanganya kwa kidole hiki hiki," Esteri alisema. Akaweka mkono gotini.

VENANTI.

"Ndiyo, Venanti," mzee alisema.

Akagonga A. Akagonga L. Akagonga I.

"Ali..." Ildefonsi alisubiri, uso umeinuka. "Alikuja? Alikuja nikiwa nimelala?"

Kidole cha Esteri kilikuwa kimesimama. Herufi iliyofuata hakuwa nayo. Alijaribu neno jingine kichwani, na jingine, na yote yaliyomjia, kufa, kifo, kufiwa, yalikuwa na F ndani yake. Akamwambia Careen alete lile boksi. Careen alilishika mbele yake kwa mikono miwili, na Esteri akaona nukta mbili, mstari, nukta.

"Endelea," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mbona umekatika?"

Ti-ti-taa-ti.

"F," alisema Ildefonsi.

Akashusha kiganja chake chenye ganzi juu ya mkono wa mkewe, akaufunika wote.

"Inatosha," akasema.

Kuku walipita uani wakichakura. Baada ya muda mrefu aliuliza lini, na Esteri akamjibu, akisoma Z kwenye boksi. Mzee alihesabu kwa midomo.

"Ile siku ya watu wengi," alisema. "Kule Kakonko. Mlinikalisha na wanaume."

NDIYO.

"Nilicheka, Esteri. Nilikaa msibani kwa ndugu yangu nikicheka. Niliuliza harusi."

HUKUJUA, akagonga. Kisha akagonga tena, HUKUJUA, na mara ya tatu, kwa sababu hakuwa na neno jingine, na kwa sababu lilikuwa kweli. Halafu akagonga jambo ambalo hakuwa amelipanga: NILIKUBALI WAKUFICHE. NISAMEHE.

Mzee alisimama, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akafunga mlango. Walimsikia akilia kwa sauti yake kubwa, kama analia kwa niaba ya ukoo mzima, akimwita mdogo wake kwa majina ya utotoni ambayo Careen hakuwahi kuyasikia. Majirani wakaja. Wakakaa uani, kama msiba umetokea siku hiyo, na kwake kweli ulikuwa umetokea siku hiyo.

Siku ya pili yake hakusema na mtu. Siku ya tatu alimwita Esteri barazani, akamvuta mkono akauweka gotini kwake.

"S yako ina nukta nyingi," alisema. "Unaandika H. Na mkono wako mzito, kama unakanda unga. Tuanze upya."

Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na Esteri aliupokea.

Januari walikwenda Kakonko. Ildefonsi alipiga magoti penye kaburi, na kwa kuwa vidole havikumsaidia, aliegemeza shavu lake juu ya saruji. Alimwambia Venanti mambo mengi kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia. Alimwomba radhi kwa kicheko. Dada Veronica, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikuja mwenyewe akamwomba Esteri amgongee mzee kwamba ni yeye, dada, aliyekataza. Esteri akagonga. Mzee akanyoosha mkono hewani mpaka dada yake alipoushika.

Mwaka ule wa 2014 uliwakuta wakizungumza kila siku. Esteri hakuhitaji tena boksi. Alimgongea injili ya Jumapili, alimgongea ugomvi wa majirani, alimgongea majina ya wanaotafuta ubunge wakiwa bado hawajatangaza. Mzee alipata kilo zake. Careen akirudi likizo naye alijifunza, ingawa baba yake alilalamika kwamba anagonga kama mtu anayefukuza nzi.

Siku moja ya kiangazi, jua likiwa limeegemea mashamba ya mihogo, Ildefonsi alimsimamisha katikati ya neno.

"Nikuulize," alisema. "Sauti yako ilikuwaje?"

Esteri aliondoa kidole gotini.

"Nimeitafuta tangu asubuhi. Nakumbuka ulivyokuwa ukisema maneno yenu ya Kirundi ukikasirika, maneno nayakumbuka. Sauti yenyewe sina. Ilikuwa nene? Ilikuwa nyembamba?"

Alifikiri. Hakuna mtu anayeijua sauti yake mwenyewe vizuri. Mwishowe akagonga: KAMA YA CAREEN.

"Ya Careen nayo imekwenda," mzee alisema taratibu.

Esteri aliegemeza paji la uso kwenye goti lile lile, akasema kitu kwa mdomo, kwa Kirundi, neno ambalo mama yake alimwitia alipokuwa mdogo. Ildefonsi alihisi joto la pumzi likipita kwenye kitambaa cha suruali. Hakuuliza ni neno gani. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mkewe, akangoja mpaka alipoinuka.

"Basi nipe habari," alisema. "Huko nje nani anapita?"

Esteri alifuta macho, akatazama barabarani. Mwanamke alikuwa akipita na mzigo wa kuni, na mbele yake mbuzi wawili waliogoma kwenda. Akaweka kidole, akaanza na M.